Skopu ya kwanza mezani: namba za kwenye boksi zina maana gani

Mwezi unapokuwa mpevu juu ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikishatanda, taa haiwavuti tena. Siku hizo ndizo ambazo taa za LED, betri, chaja na kontrola za sola hupanda kutoka Kibirizi na Katonga hadi kwenye meza za mafundi wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma. Enzi za karabai, ugonjwa ulionekana kwa macho: utambi umetoboka, sindano imeziba, pampu haishiki upepo. Sasa kinacholetwa ni bodi ndogo inayowasha na kukata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na fundi ana mita tu mkononi.

Nimekaa kwenye meza hizo jioni nyingi baada ya vipindi vyangu vya fizikia. Taa iliyonifundisha zaidi ilikuwa inapepesa huku mita ikisoma volti 12.1, imetulia tuli. Tulibadilisha betri, mita ikasoma 12.3, taa ikaendelea kupepesa. Mita haikuwa mbovu. Kazi yake ni kutoa wastani wa kilichopita ndani ya sehemu ya sekunde, na ndani ya kipande hicho kidogo cha muda umeme ulikuwa unaporomoka hadi volti 7 na kurudi, tena na tena. Kapasita ya mlangoni mwa bodi, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ilikuwa imekauka. Kila mara bodi ilipovuta mkondo kwa ghafla, volti zilianguka, bodi ikajizima kwa kukosa umeme, ikawaka upya. Mita isingeweza kuliona hilo hata ungeitazama mpaka asubuhi.

Kwa sababu ya matatizo ya aina hii, neno "skopu", chombo kinachochora mwendo wa volti, limeanza kusikika vijiweni. Kijana ananionyesha tangazo la skopu kwenye simu yake: "Shikamoo mwalimu. Hii imeandikwa megahezi 100, na bei yake ni nusu ya ile ya megahezi 50. Nichukue?" Swali ni la haki, na hela ya kununulia ni ya jasho. Tatizo ni kwamba matangazo yamewafanya watu waamini kuwa namba kubwa zaidi ndiyo chombo bora zaidi. Mimi huanza kwa kumuuliza swali jingine: mezani kwako unashika nini?

Mita inatoa namba, skopu inachora

Osiloskopu, au skopu kwa kifupi, ni chombo kinachochora jinsi volti zinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Kwenye kioo chake, kupanda juu ni volti, kwenda kulia ni muda. Hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Chukua safari ya treni kutoka Tabora kuja Kigoma. Mtu akikuambia "tulikuja kwa mwendo wa wastani wa kilomita 35 kwa saa", amekupa jibu la mita. Akikuchorea mahali treni ilipokimbia, ilipopunguza mwendo, na stesheni iliyokaa saa nzima ikisubiri, amekupa jibu la skopu. Ukitaka kujua kwa nini mlichelewa, wastani haukusaidii.

Umeme wa ukutani ni mfano mzuri. Mita inasoma volti 230. Skopu inakuonyesha wimbi linalopanda hadi karibu volti 325, linashuka kupita sifuri hadi karibu 325 za upande wa pili, kisha linapanda tena. Linafanya mzunguko huo mara 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko unachukua milisekunde 20. Idadi ya mizunguko kwa sekunde ndiyo tunayoiita masafa, na kipimo chake ni hezi. Hezi 1,000 ni kilohezi moja, na hezi milioni moja ni megahezi moja. Neno "dijitali" kwenye jina la skopu za leo maana yake ni kwamba chombo hakichori moja kwa moja. Kinapima volti kwa haraka sana, kinaandika kila kipimo kama namba, halafu kinaunganisha namba hizo kuwa mchoro. Faida yake kubwa ni kwamba mchoro unaweza kusimamishwa na kuhifadhiwa.

Sasa tazama vitu vinavyopita mezani. Sauti ya amplifaya haizidi kilohezi 20. Rimoti nyingi za televisheni hupepesa mwanga wake kwa kilohezi 38. Chaja za simu na pawasaplai za televisheni huwasha na kukata kwa makumi ya kilohezi hadi mia na kitu. Hatua ya kati ya redio ya AM, pale wimbi la stesheni linaposhushwa masafa kabla ya kugeuzwa sauti, ni karibu kilohezi 455. Mtu akituma maandishi kutoka Arduino, ile bodi ndogo ya kujifunzia programu, kwa kasi ile ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, kila biti inakaa karibu mikrosekunde 104 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), mwendo wa kobe kwa skopu yoyote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi za mtu anayejifunza iko chini ya megahezi moja. Kinachozidi hapo ni vichache: kristali ya megahezi 16 inayopiga mapigo ya Arduino Uno, hatua ya kati ya FM ya megahezi 10.7, na redio ya FM yenyewe kuanzia megahezi 88 hadi 108.

Megahezi za kwenye boksi

Namba ya megahezi inayoandikwa kwa herufi kubwa ni upana wa masafa: mpaka wapi skopu inaweza kufuata wimbi kabla haijaanza kuchoka. Harusi ikipigwa muziki mtaa wa tatu usiku, wewe ukiwa kitandani unasikia nini? Besi. Dundo linafika vizuri, lakini maneno ya wimbo na vile vya juu vimebaki njiani, vimemezwa na kuta na umbali. Skopu nayo ni ukuta wa namna hiyo. Mabadiliko ya polepole yanapita, ya haraka yanafifia.

Na kufifia huko hakuanzii nje ya namba iliyoandikwa. Kwenye namba yenyewe, tayari skopu imeshapunguza. Wimbi halisi la volti 10 kwenye megahezi 50, likipimwa na skopu ya megahezi 50, linaonekana kama volti 7 hivi. Huo ndio ufafanuzi wa kiufundi wa namba hiyo, na hauhusiani na ubovu wa chombo. Wimbi la mraba, lile la kuwasha na kuzima la saketi za dijitali, linaumia zaidi, kwa sababu kona zake kali zimejengwa na masafa ya juu kuliko wimbi lenyewe. Kona zikikatwa, mraba unakuwa kilima. Ndiyo sababu mafundi wanatumia kanuni ya kuzidisha mara tano: wimbi la mraba la megahezi 1 linataka skopu ya megahezi 5 au zaidi, la megahezi 10 linataka 50.

Rudi kwenye orodha ya meza yako. Taa za sola, amplifaya, chaja, rimoti, inveta: megahezi 20 za kweli zinatosha na kubaki. Ukitaka kuchungulia kristali ya Arduino kwa heshima, 70 hadi 100. Kwa Wi-Fi ya ESP32, bodi nyingine ndogo kama Arduino, ambayo masafa yake ni karibu megahezi 2,400, hakuna skopu ya bei nafuu itakayokusaidia, na wala huihitaji. Aliyekuambia usinunue chini ya megahezi 200 huenda kazi yake ni nyingine kabisa.

Nimesema za kweli kwa makusudi. Baadhi ya vyombo vya bei rahisi sana, hasa vile vya kugusa kioo vinavyofanana na tableti, vimewahi kuuzwa kwa namba ambazo waliovipima hawakuzikuta ndani. Boksi linasema 100, kipimo kinatoa 30. Thelathini ni nzuri tu kwa fundi wa sola. Ubaya ni kwamba aliyekudanganya kwenye namba moja hujui amekudanganya kwenye ngapi nyingine, ikiwemo ile ya volti za juu zinazoruhusiwa, ambayo ni ya usalama wako.

Kasi ya sampuli na kumbukumbu huenda pamoja

Sampuli ni kile kipimo kimoja kimoja ambacho skopu inachukua. "1 GSa/s" ni sampuli bilioni moja kwa sekunde. "MSa/s" ni milioni.

Mweke mlinzi stesheni ya Kigoma, umwambie afumbue macho mara moja kila saa, aandike kama treni ipo au haipo. Treni ikiingia saa nne na dakika tano na kuondoka saa nne na nusu, daftari litasema hakuna treni iliyopita. Atakuwa ameandika ukweli mtupu, na daftari litakuwa la uongo. Skopu ikichukua sampuli chache kuliko wimbi linavyotaka, haitakuonya. Itachora wimbi zuri, lililotulia, ambalo halipo. Umewahi kuona video ambamo feni au tairi la baiskeli linaonekana kurudi nyuma? Ni kosa lile lile. Kwa hesabu, sampuli lazima zizidi mara mbili ya masafa unayopima; kwa kazi ya mikono, mimi nataka angalau mara tano.

Uliza pia kama kasi hiyo ni ya chaneli moja au ya zote, maana mara nyingi inagawanywa. Rigol DS1054Z, skopu ambayo wanafunzi na wapenda elektroniki wameitumia sana duniani, ina chaneli nne na sampuli bilioni moja kwa sekunde. Ukiwasha chaneli mbili kila moja inapata milioni 500, na ukiwasha zote nne inabaki milioni 250. Hakuna ubaya hapo, mradi ulijua kabla.

Kumbukumbu ni idadi ya sampuli ambazo skopu inaweza kushika kwa mkupuo mmoja, na kwangu mimi hii ndiyo namba inayopuuzwa kuliko zote. Mlinzi wetu ana daftari la kurasa ngapi? Akiandika kila sekunde kwenye daftari dogo, litajaa kabla ya mchana.

Chukua rimoti. Ukibonyeza mara moja, rimoti ya aina ya kawaida inatuma ujumbe wa karibu milisekunde 67, na ndani yake mwanga unapepesa kwa kilohezi 38, kila kupepesa ikichukua mikrosekunde 26. Sasa chukua ile skopu ndogo ya kujiundia iitwayo DSO138, yenye kumbukumbu ya sampuli 1,024. Ili ujumbe mzima uingie kwenye sampuli 1,024, lazima nafasi kati ya sampuli na sampuli iwe kama mikrosekunde 66. Kupepesa mbili na nusu zinapita kati ya sampuli moja na inayofuata. Unachoona ni michoro isiyo na kichwa wala miguu. Skopu yenye kumbukumbu ya milioni kadhaa inameza ujumbe wote kwa mkupuo mmoja, kisha unavuta kipande chochote unachotaka na kila kupepesa unaihesabu.

Mtu anayetafuta hitilafu inayotokea mara moja moja, na hitilafu nyingi za taa na chaja ni za hivyo, ananufaika na kumbukumbu kubwa kuliko megahezi za ziada.

Triga

Geuza baiskeli kichwa chini, uzungushe tairi, upige picha ovyo ovyo. Kila picha itaonyesha vali mahali tofauti. Sasa piga picha kila mara vali inapopita kwenye uma tu, hapo picha zote zitafanana na tairi litaonekana limesimama. Triga ni maagizo hayo: "anza kuchora volti zinapopanda kupita 3". Bila triga mchoro unakimbia kwenye kioo na mwanafunzi anadhani chombo kibovu. Hakikisha tu kwamba skopu unayonunua ina hali ya kunasa mara moja, ile inayoandikwa "Single", ambapo inasubiri tukio, inalinasa, inasimama.

Kuhusu biti, wengi wanaambiwa kwamba skopu ya biti 8 imepitwa na wakati na lazima uwe na 12. Biti 8 zinagawanya urefu wa kioo kuwa ngazi 256. Biti 12, ngazi 4,096. Ukiitazama betri ya volti 12 kwenye kioo cha volti 16, ngazi moja ya biti 8 ni kama milivolti 62, hivyo kelele ya milivolti 20 juu ya umeme huo haionekani. Lakini bonyeza kitufe cha AC, kinachoziacha nje zile volti 12 zilizotulia na kupitisha mabadiliko tu, kisha kuza mpaka milivolti 10 kwa kila kimraba cha kioo. Kelele yote iko mbele yako, kwa biti 8 zile zile. Biti 12 ni raha. Usikope kwa ajili yake.

Kibano cheusi

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hakuna namba ya kwenye boksi inayolingana na jambo hili.

Waya wa kupimia wa skopu, probu, una ncha na una kibano kidogo cheusi. Mtu aliyezoea mita anaamini kibano ni kama ile waya nyeusi ya mita: unaiweka popote. Kwenye skopu ya mezani inayochomekwa ukutani, sivyo. Kibano kimeunganishwa moja kwa moja na bodi ya chuma ya skopu, na bodi hiyo imeunganishwa na pini ya ethi ya plagi. Popote utakapokibana, umepaunganisha pale na ardhi.

Mimi nilijifunza kwa mlipuko. Nilikuwa na pawasaplai ya televisheni, upande ule unaopokea umeme wa ukutani, na nikabana kibano kwenye hasi ya kapasita kubwa, nikijiambia kwamba hasi ni hasi. Hasi ya upande ule imeungwa na waya wa moto kupitia daiodi. Nilikuwa nimeuunganisha waya wa moto na ardhi kwa kiwaya chembamba cha probu. Kulitokea mwanga, mlio kama wa risasi, na giza nyumba nzima. Kiwaya kiliyeyuka. Nilipona kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshaondoka.

Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba ukate pini ya ethi, au utumie adapta ya pini mbili, ili "skopu ielee". Usifanye hivyo. Ni kweli mlipuko hautatokea. Badala yake bodi yote ya skopu, pamoja na kila chuma unachogusa kwa mkono, inakuwa na umeme wa ukutani, kimyakimya. Na kwenye nyumba nyingi za kwetu soketi ina tundu la ethi ambalo waya wake haufiki ardhini, kwa hiyo hatari hiyo iko tayari bila wewe kukata chochote. Kabla hujanunua skopu ya mezani, mwite fundi umeme akupimie ethi ya chumba chako.

Skopu za USB zinazotegemea laptopu zina mtego huo huo. Kibano kimeungwa na laptopu, na laptopu ikiwa kwenye chaja yenye ethi, safari ni ile ile, ila sasa kinachoungua ni kompyuta yenye kazi zako zote.

Skopu ya mkononi ya betri inapunguza tatizo, kwa kuwa haijaungwa na ukuta. Haiondoi kabisa: ukibana kibano kwenye waya wa moto, chuma cha tundu la probu kinakuwa na moto, na kidole chako kiko sentimita chache kutoka hapo. Kwa anayeanza, sheria ni moja. Pima vitu vya betri na sola, pima upande wa pili wa pawasaplai ambao transfoma imeutenga na ukuta, na uache upande wa ukutani mpaka uwe na probu ya tofauti (inayopima tofauti ya volti kati ya pointi mbili bila kuunga yoyote na ardhi) au transfoma ya kutenga na mtu anayejua amesimama karibu.

Probu nyingi zina swichi ya 1X, inayopitisha volti kama zilivyo, na 10X, inayozipunguza mara kumi. Iache kwenye 10X karibu wakati wote. Kwenye 1X probu inaielemea saketi unayoipima na inapitisha megahezi chache tu, mara nyingi kama 6 hivi, hata skopu ikiwa ya 100. Wengi wamelaumu skopu kwa kosa la swichi hiyo. Na usisahau kuiambia skopu yenyewe kwamba uko kwenye 10X, la sivyo volti 12 zitaandikwa 1.2.

Basi uchukue ipi?

Kabla ya skopu yoyote, jiulize kama unahitaji skopu. Kijana ambaye kazi yake ni Arduino na vihisi tu, anayetaka kujua kama data inatoka na inasema nini, anahudumiwa vizuri zaidi na kichanganuzi cha mantiki cha chaneli 8, kile kidogo cha USB cha sampuli milioni 24 kwa sekunde, pamoja na programu ya bure ya PulseView. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya skopu. Hakionyeshi umbo la volti, kinaonyesha ipo au haipo, lakini kinakusomea ujumbe herufi kwa herufi.

DSO138 na ndugu zake za kilohezi 200 zinapatikana kwa chini ya laki moja kabla ya usafiri. Nazipenda kwa darasa. Ukiichomelea mwenyewe, kapasita kwa kapasita, unaelewa skopu kuliko aliyenunua iliyokamilika. Inaonyesha sauti na taa za sola. Hapa niseme kidogo kuhusu inveta: nyingi mitaani zinauzwa kwa jina la "pure sine wave", na zingine zikipimwa zinachora ngazi za mraba badala ya wimbi laini, ndiyo sababu feni inanguruma na mota inapata joto. Skopu ndogo ya betri ingekuonyesha hilo kwa sekunde moja. Lakini DSO138 inapokea volti 50 tu, basi usiipeleke huko. Kazi hiyo inataka chombo cha mkononi chenye probu ya 10X na maandishi yanayoruhusu zaidi ya volti 325 za kilele.

Kwa fundi wa Kigoma mwenye kazi za sola, taa za uvuvi na chaja, mimi ningechagua skopu ya mkononi yenye mita ndani, kama zile za OWON HDS242 au HDS272S: chaneli mbili, megahezi 40 kwa ya kwanza na 70 kwa ya pili, sampuli milioni 250 kwa sekunde. Inabebeka hadi mwaloni, na umeme ukikatika haikatiki nao. Udhaifu wake ni kumbukumbu ndogo, sampuli elfu nane hivi, na kioo kinachokulazimu ukaze macho. Nakubali udhaifu huo kwa sababu ya lile jambo la kibano.

Anayekaa mezani, anayetaka kusoma na kukua, ajikaze kufika kwenye skopu ya meza. Hantek DSO2C10 ni mlango wa bei ya chini: chaneli mbili, megahezi 100, kumbukumbu ya sampuli milioni 8. Ukiwa na milioni moja na zaidi ya kutumia, Rigol DHO804 iliyotoka mwaka 2023 inakupa chaneli nne, megahezi 70 na zile biti 12, na inalishwa umeme kwa USB-C. Siglent SDS804X HD ni mshindani wake wa karibu. Kati ya hizo mbili sina ugomvi na yeyote atakayechagua.

Za mtumba, zile kubwa za kioo cha televisheni za megahezi 20, bado zinachora vizuri ajabu na zinaweza kuwa rahisi. Hazihifadhi mchoro. Na ndani yake kuna zaidi ya volti elfu moja zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Usiifungue kwa udadisi.

Katika bei weka usafiri, ushuru, na VAT, ambayo kwa bidhaa zinazoingia Tanzania Bara ni asilimia 18. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na kurudisha chombo kibovu ni gharama nyingine ya safari. Kwa hiyo kama kuna ndugu Kariakoo wa kukuchukulia, mfundishe kupima kabla hajalipa. Aiwashe, aguse ncha ya probu kwa kidole, bila kubana kibano popote. Mwili wake utanasa mvumo wa umeme wa jengo, na kioo kitaonyesha wimbi linalojirudia kila milisekunde 20. Kisha aunganishe probu na kile kijisikio cha chuma cha mbele ya skopu kinachotoa wimbi la mraba, mara nyingi la kilohezi 1. Kona zikiwa za mviringo au zimechomoza kama pembe, azungushe skrubu ndogo ya kwenye probu mpaka juu pawe bapa. Ikigoma kuwa bapa, hiyo probu aiache.

Kwa skopu ya meza nampa na kazi ya tatu. Achukue taa ndogo ya IR, ya mwanga usioonekana kwa macho, kutoka kwenye rimoti iliyokufa, aweke kipingamizi cha kiloomu 10 sambamba nayo, abane probu hapo, aweke triga kwenye "Single" kwa volti ndogo sana, halafu aielekezee rimoti nzima kwa karibu na kubonyeza mara moja. Ujumbe ukisimama kwenye kioo, akuze mpaka aone kupepesa moja moja, na umbali kati ya moja na inayofuata uwe mikrosekunde 26. Hapo atoe hela.